Jalada moja, mali tatu: kwa nini jarida la zamani ni rahisi na picha yake ni mamilioni

Desemba 2013, kwenye mnada wa Sotheby's jijini New York, picha ya rangi za mafuta iitwayo Saying Grace iliuzwa kwa dola milioni 46. Bibi na mjukuu wameinamisha vichwa wakiombea chakula mkahawani, na vijana wawili walioketi nao meza moja wanawakodolea macho. Aliyeichora, Norman Rockwell, alikuwa amelipwa dola 3,500 na jarida la The Saturday Evening Post (kwa kifupi Post), nalo likaiweka kwenye jalada la tarehe 24 Novemba 1951. Ukilitafuta leo jarida lenyewe la tarehe hiyo, karatasi ileile iliyopita mikononi mwa wasomaji wa mwaka ule, utalipata kwa makumi ya dola.

Pengo hilo ndilo linalowavuruga wengi wanaoanza kukusanya majarida ya zamani yenye majalada ya kuchorwa. Mmoja amerithi sanduku la magazeti ya babu yake, anasoma habari za mnada ule, na kabla hajalala ameshapiga hesabu ya ghorofa. Mwingine anaona nakala zinauzwa kwa bei ya chee mtandaoni, basi anaamua hakuna cha maana humo. Wote wamechanganya vitu vitatu vinavyofanana sura tu: mchoro wa asili, nakala iliyochapwa, na haki ya kuitumia picha. Kila kimoja kina mwenyewe na soko lake. Anayekuuzia kimoja hajakuuzia kingine, hata kama macho yako yanaona picha ileile.

Mifano yangu mingi ni ya Marekani, kati ya miaka ya 1900 na 1955 hivi, kwa sababu huko ndiko majalada ya kuchorwa yalikoshamiri na ndiko wakusanyaji walikojiwekea kanuni wanazozifuata hadi leo.

Kutoka turubai hadi mtamboni

Cyrus Curtis wa Philadelphia alilinunua jarida la Post mwaka 1897 kwa dola 1,000, likiwa hoi. Mhariri wake, George Horace Lorimer, alilishika kuanzia 1899 hadi 1936 na kulifikisha karibu nakala milioni 3 kwa wiki, kwa senti 5 tu. Televisheni haikuwepo. Jalada ndilo lililofanya kazi ya kumsimamisha mpita njia mbele ya meza ya muuza magazeti, na kwa kazi hiyo wachoraji walilipwa vizuri na wakawa na majina makubwa. Rockwell alianza na toleo la tarehe 20 Mei 1916, mvulana aliyevalia nadhifu akisukuma kigari cha mtoto huku wenzake wakimcheka. Kabla yake alikuwepo J.C. Leyendecker, Mmarekani mzaliwa wa Ujerumani, ambaye kuanzia 1906 hadi 1943 aliuchora kila mwaka mpya kama mtoto mchanga, mpaka taswira hiyo ikawakaa Wamarekani kichwani. Kila mmoja wao aliliachia Post majalada zaidi ya 300.

Mchoraji alipeleka turubai, yaani kitambaa alichokichorea picha, kwa kawaida kubwa kuliko jarida. Kiwandani picha hiyo ilipigwa kwa kamera kupitia wavu mwembamba uliochorwa kwenye kioo, ili vivuli vyote vigeuke nukta: nukta nene penye giza, ndogo penye mwanga. Kila wino ulikuwa na bamba lake. Kwa miaka mingi majalada ya Post yalichapwa zaidi kwa wino wa aina mbili, mweusi na mwekundu. Uchapaji wa wino nne uliingia kwenye jalada lake tarehe 6 Februari 1926, kwa picha ya Rockwell ya mchoraji wa vibao vya matangazo wa enzi za ukoloni wa Kiingereza huko Marekani.

Chukua lenzi ya kukuzia mara 10, kama ile ya sonara, uiweke juu ya shavu la mtoto kwenye jalada la kabla ya 1926. Hutaona rangi ya ngozi. Utaona vinukta vyekundu vimejipanga kwa mistari, vingine vyeusi vimepita juu yake kwa pembe tofauti, na katikati weupe wa karatasi yenyewe, ambao sasa umekuwa wa kahawia. Rudisha kichwa nyuma na shavu linarudi. Mchoraji alijua atapewa wino gani, na alichora akiufikiria. Ndiyo maana nashikilia, ingawa madalali watanipinga, kwamba jarida ndilo kazi iliyokamilika, na turubai ni hatua ya kulifikia.

Lenzi hiyohiyo ndiyo inayoumbua kopi za kisasa. Printa ya kunyunyiza wino (inkjet) hutapanya rangi kama vumbi, bila mpangilio wa mistari. Na mtu akieskani jalada la zamani kisha akalichapa upya kiwandani, nukta za zamani hugongana na nukta mpya, na juu ya picha hujitokeza mawimbi ambayo hayakuwepo.

Picha iliyojificha ukutani

Mchoro wa asili ni mmoja, na hapo ndipo mamilioni yanapoanzia. Lakini wakati ule haukuchukuliwa hivyo. Ukishapigwa picha kiwandani, shughuli yake ilikuwa imekwisha. Mingine ilirudi kwa wachoraji, mingine waligawiwa wafanyakazi na marafiki. Saying Grace ilikaa miaka mingi kwa familia ya Kenneth Stuart, aliyekuwa mhariri wa sanaa wa Post.

Kisa cha picha nyingine ya Rockwell, Breaking Home Ties, kinaeleza vizuri kwa nini nakala ya bei rahisi na turubai ya bei mbaya zinahitajiana. Ilikuwa jalada la tarehe 25 Septemba 1954: baba mkulima na mwanawe wameketi pembeni mwa gari kuukuu, kijana amevaa suti mpya anakwenda chuo kikuu, mbwa amemwekea kidevu gotini. Mwaka 1960 mchora vibonzo Don Trachte aliinunua kwa dola 900. Mwaka 2003 ikaonyeshwa katika jumba la makumbusho ya Rockwell huko Stockbridge, Massachusetts. Wataalamu waliilinganisha na jalada la mwaka 1954 wakaona mambo hayaendani, hasa uso wa kijana na rangi. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba huenda ilifanyiwa ukarabati mbovu.

Trachte alifariki 2005. Mwaka uliofuata wanawe walikuta ukuta wa uongo ndani ya nyumba yake, na nyuma yake picha halisi. Baba yao alikuwa ametengeneza kopi kwa mkono wake mwenyewe miaka ya 1970, wakati wa talaka, akaificha ile ya asili bila kumwambia mtu. Mwezi Novemba 2006 ya asili iliuzwa kwa dola milioni 15.4. Kwa miaka mitatu, basi, kipande cha jarida kilichouzwa kwa senti chache kilikuwa kikisema ukweli mbele ya mabingwa, na mabingwa wakaitafutia kopi ile udhuru.

Umri si bei

Tuje kwenye nakala, ambazo ndizo mimi na wewe tunaweza kumudu.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kudhani kwamba kitu kikizeeka basi kimepanda thamani. Kinachopandisha bei ni uwiano kati ya nakala zilizosalia na watu wanaozitaka. Post lilichapwa kwa mamilioni, kwenye karatasi nzuri kiasi, na familia nyingi zililiweka kwa sababu lilikuwa zuri kulitazama. Likasalia kwa marundo. Toleo la 1922 lenye jalada la mchoraji asiyejulikana sana huweza kuuzwa rahisi kuliko la 1951 lenye jina la Rockwell, na wala hakuna dhuluma hapo.

Sasa linganisha na majarida ya hadithi ya karatasi duni. Yalianza na The Argosy ya Frank Munsey mwaka 1896, yakawa ya sentimita 18 kwa 25 hivi, kurasa mia na ushee za karatasi ya kikwaruzo ndani, na jalada la kung'aa lenye rangi kali nje. Yalinunuliwa na vijana na vibarua, yakasomwa, yakatupwa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, watoto wa Marekani walitumwa nyumba kwa nyumba kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya viwanda, na majarida mengi yakaishia humo. Toleo la Oktoba 1912 la The All-Story, ambalo Tarzan alitokea kwa mara ya kwanza, akiwa pia kwenye jalada, leo likionekana mnadani huenda kwa makumi ya maelfu ya dola, na nakala iliyotimia kurasa zote ni nadra mno.

Huko mambo yamegeuka kichwa chini ukilinganisha na Post. Turubai nyingi za majarida hayo zilitupwa au zikapotea, hivyo nakala iliyochapwa mara nyingi ndiyo shahidi pekee kwamba picha iliwahi kuwepo. Margaret Brundage wa Chicago, aliyeanza kuchora majalada ya Weird Tales, jarida la hadithi za kutisha, mwaka 1932, alitumia chaki laini za pasteli, rangi inayofutika kwa kuguswa tu. Aliweka sahihi ya M. Brundage, na wasomaji wengi hawakujua kuwa aliyewachorea wanawake wale walionusurika minyororo na majoka ni mwanamke mwenzao. Wanaokusanya matoleo yake wanakusanya kitu ambacho mara nyingi hakina mahali pengine pa kuonekana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Fire!! (yaani Moto!!), jarida la Novemba 1926 la waandishi vijana weusi wa Harlem, mtaa wa New York, wakiongozwa na Wallace Thurman, wakiwemo Langston Hughes na Zora Neale Hurston. Bei yake ilikuwa dola nzima. Jalada la Aaron Douglas ni la wino mbili, nyeusi na nyekundu, kama Post la miaka iliyotangulia, lakini linafanya jambo jingine kabisa: uso wa Mwafrika unaotazama upande, na ndani ya giza lake umejificha sfinksi wa Misri, simba mwenye kichwa cha mtu. Lilitoka toleo moja tu. Nakala ambazo hazikuuzwa ziliwekwa chini ya jengo, na moto ukaziteketeza. Jina likawa bahati mbaya yake. Mwaka 1982 lilichapwa upya kwa kufuatisha lile la asili, na muuzaji asiye mwangalifu, au asiye mwaminifu, anaweza kukupa la 1982 kwa bei ya 1926.

Fire!! lina jambo jingine la kumkumbusha mkusanyaji. Katika Post la enzi hizo utapekua matoleo mengi kabla ya kumkuta mtu mweusi jaladani ambaye si mtumishi. Rockwell mwenyewe alikuja kueleza kwamba aliwahi kuambiwa amfute mtu mweusi kwenye picha, kwa kuwa sera ilikuwa kuwaonyesha katika kazi za utumishi tu. Baada ya kuachana na Post alichora The Problem We All Live With, msichana mdogo mweusi akisindikizwa shuleni na maofisa wa serikali. Ilitoka Januari 1964 katika jarida la Look, kwenye kurasa za ndani, wala si jaladani. Aliyetaka kuona watu weusi wamechorwa kwa heshima yao miaka ya 1920 alinunua The Crisis, jarida la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, lililoanzishwa na W.E.B. Du Bois mwaka 1910, lenye majalada ya kina Douglas na Laura Wheeler Waring. Kwa jicho langu, ukipanga Post na The Crisis za mwezi mmoja ubavu kwa ubavu unapata historia ambayo rundo la aina moja haliwezi kukupa.

Karatasi inayojila

Hakuna mkusanyaji anayekwepa kemia. Hadi karne ya 19 karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Miaka ya 1840 ikagunduliwa njia ya kusaga mti wenyewe, na ndipo magazeti ya bei nafuu yakawezekana. Lakini mti una lignini, ambayo ikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano na kahawia. Isitoshe, viwanda vilitia shabu ili wino usisambae, na shabu huacha asidi. Asidi hukatakata nyuzi za karatasi taratibu, mpaka ukurasa ukikunjwa pembe unavunjika badala ya kukunjika. Ile harufu tamu kidogo ya magazeti ya kale, ambayo wengine huisifia, ni ya uozo huo.

Joto na unyevu huharakisha kila hatua, kwa hiyo anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ana kazi kubwa kuliko mwenzake wa Njombe. Wahifadhi wa makumbusho hulenga unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Pwani yetu huvuka hapo bila shida. Cha kufanya ni kuweka majarida chumba chenye hewa, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, kwenye mifuko ya poliesta safi yenye kadibodi isiyo na asidi nyuma. Mifuko ya rambo na ile laini ya PVC ni adui. Huyeyuka na kugandana na wino. Karatasi ya kung'aa ikilowa usisubiri kesho, kwa sababu kurasa zikikauka zikiwa zimegusana zitakuwa tofali. Seloteki usiiguse kabisa.

Kuhusu mchwa sina ushauri wa kisomi. Inua rafu, kagua kila wiki.

Unapokagua nakala

Bei hutegemea hali, na hali hutazamwa mahali ambapo mgeni hatazami. Kwanza lebo ya anwani. Post lililotumwa kwa posta lilibandikwa karatasi yenye jina la mnunuzi jaladani, mara nyingi juu ya mchoro. Nakala ya mezani kwa muuza magazeti haina lebo, na huwa ghali zaidi. Kuibandua lebo ni kujitafutia balaa, maana hutoka na ngozi ya picha. Pili pini za katikati: zikishika kutu, kutu hula karatasi na jalada hubaki likining'inia. Tatu, hesabu kurasa. Kuna wachuuzi wanaochana matangazo ya rangi, hasa ya magari na Coca-Cola, wakayauza moja moja kwenye fremu, kisha wakauza mzoga uliobaki kama jarida zima. Mwombe muuzaji picha ya katikati penye pini, na ya jalada la nyuma.

Majina nayo hudanganya. Life la kabla ya 1936 lilikuwa jarida la vichekesho na michoro, tangu 1883. Mwaka 1936 Henry Luce alinunua jina na kuanzisha jarida la picha za kamera. Hayo ni majarida mawili tofauti yenye jina moja. Post nalo lilikufa Februari 1969, likafufuliwa 1971 likitoka mara nne kwa mwaka, na lilirudia mara kadhaa majalada ya zamani ya Rockwell. Kabla hujatoa pesa soma tarehe, usitazame picha peke yake.

Kwetu karatasi hufa kifo kingine. Jarida la Joe la Nairobi, lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst na likadumu hadi 1979, lilikuwa na majalada ya kuchorwa ya vichekesho vya mtu wa kawaida wa mjini. Dar es Salaam tulikuwa na Sani, lenye wahusika wa vibonzo kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Wengi waliyasoma, wakaazimana mpaka jalada likang'oka, na mwisho karatasi ikafungia karanga. Bei yao haijapangwa na mnada wowote. Anayeyataka huuliza kwenye meza za vitabu vya mitumba na kwa wazee wenye makabati, na hukubaliana na muuzaji palepale.

Mali ya tatu

Imebaki haki ya kuitumia picha, ambayo wengi hawaikumbuki mpaka siku wanapotaka kuchapa fulana. Kununua nakala, hata kununua turubai ya mamilioni, hakukupi ruhusa ya kuchapisha picha yake. Aliyeinunua Saying Grace alipata kitambaa na rangi. Hakimiliki haikuwa sehemu ya mauzo ya mnada. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyochapishwa kipindi kile na hakimiliki yake ikahuishwa (yaani ikasajiliwa upya) ipasavyo hulindwa miaka 95, hadi mwisho wa mwaka wa mwisho. Jalada la Rockwell la 1916 liko huru huko. Fire!! la 1926 liko huru tangu Januari 2022. La 1951, kama lilihuishwa, litafunguliwa Januari 2047. Hapa kwetu sheria nyingi huhesabu kwa kufuata mwaka wa kifo cha mchoraji, kwa hiyo Joe na Sani bado zina wenyewe: anayetaka kuzichapa upya aanze kwa kuzitafuta familia za waliozichora.